Dar es Salaam ya Mollo

Jumapili, 5 Machi 1995

Leo natimiza wiki tatu tangu nihamie Dar es Salaam. Niko Mollo, kijiji cha jirani na kwetu Sumbawanga.

Naandika nikiwa nimejifungia ghalani kwa Nyanda, juu ya magunia ya mahindi. Watu wanatoka kanisani, na mmoja wao anaweza kuwa shangazi yangu. Nina shangazi wanne. Wote wanaona vizuri.

Niweke mambo sawa, ili nikifa kwa hofu, atakayeokota daftari hili asinihukumu vibaya. Mimi Adolfu nilisafiri. Hilo halikanushiki. Nilipanda basi stendi ya Sumbawanga, mama akilia, mdogo wangu Herieth akipunga kitenge, majirani wakiimba. Nilikuwa nakwenda kuwa mtangazaji. Sasa watu binafsi wameruhusiwa kufungua vituo vya redio, na mimi tangu darasa la tano nasoma taarifa ya habari ndani ya kopo tupu la maziwa. Sauti ninayo. Taifa lilikuwa linanisubiri.

Kumbe abiria niliyekaa naye aliwahi kufagia katika kituo kimoja huko Dar. Akanieleza kile chumba. Hakina dirisha. Mlango wake ni mnene kama wa jela. Taa nyekundu inawaka ghafla, na tangu hapo kila kitokacho kinywani, hata chafya, kimekwisha kufika kwa watu. Neno halirudi! Basi liliposimama Laela nilishuka kujisaidia. Likaondoka bila mimi. Niliona likiondoka. Nilikuwa nyuma ya kichaka, nimekwisha kumaliza zamani.

Kurudi nyumbani baada ya zile nyimbo? Haiwezekani. Nikarejea kimyakimya hadi Mollo tu. Nyanda ni mfugaji aliyehamia huku kutoka Shinyanga. Hawajui ndugu zangu, wala hana tabia ya kuuliza. Namchungia ng'ombe, nalala ghalani.

Jumatatu, 6 Machi

Nyanda amesikia kwamba sisi Wafipa tunapanda maharage juu ya vilima vya udongo vilivyofukiwa majani. Yeye amezoea plau. Akaniuliza kama naijua kazi hiyo. Nikasema nimezaliwa nayo.

Nimeinua vilima ishirini. Vimetoka virefu, vimelala upande mmoja. Mama mmoja aliyekuwa akipita njiani akavua kilemba, akauliza kwa sauti ya chini ni ugonjwa gani ulioua watu wengi hivyo. Nyanda akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi katikati ya makaburi yangu. Sauti ya yule mama niliifahamu. Anasali jumuiya moja na mama yangu!

Jioni nikawasomea ng'ombe taarifa ya habari. Wote kumi na wawili wakakimbilia bondeni. Jana walikimbia wanane tu. Sauti yangu inazidi kuwa na nguvu.

Jumatano, 8 Machi

Shamsi amekuja. Huyu ni utingo wa lori la Mzee Abdala, mwenye duka jirani na kwetu. Lori hubeba dagaa kutoka Kirando, ziwani, na mara mojamoja hufika Dar. Shamsi ndiye anayepeleka barua zangu nyumbani kwa mkono, eti amezipokea kwa madereva wanaotoka Dar. Kwa kazi hiyo anavaa viatu vyangu vya safari. Vinambana. Nafurahi.

Ameleta barua ya mama. Mama anasema barua yangu iliyopita aliinusa, akawaambia majirani kwamba kumbe bahari hunuka sawasawa na Kirando. Anasema pia kwamba Mama Eustaki hampi mtu nafasi ya kupumua. Mwanawe yuko Mbeya, amepewa meza na mhuri ofisini.

Mhuri! Eustaki, aliyekuwa akinakili hesabu zangu na zote zikawa makosa!

Nikajibu palepale. Nikaandika kwamba nina ofisi yenye simu mbili. Kwamba naishi Mtaa wa Mikoko, nyumba namba 14, yenye umeme. Kwamba bosi wangu huniomba ushauri katika kila jambo, na juzi tu amenisihi nimtafutie vijana wengine wenye sauti nzuri, hasa wasichana. Kwamba matangazo yetu bado hayafiki Rukwa, kwa hiyo wasihangaike na redio.

Nilipomaliza niliisoma mara mbili. Barua bora kabisa. Karibu niamini kwamba nipo.

Ijumaa, 10 Machi

Maangamizi.

Shamsi alisimamisha lori barabarani, akanipigia kelele nilipokuwa malishoni. Mshikaji, umefanya kazi kubwa! Herieth anakwenda Dar. Amesoma barua, ameacha cherehani ya fundi wake, ameaga kwaya. Basi ni Jumatano. Anakuja kwako, nyumba namba 14.

Nilimwomba arudi akamwambie asiende. Akasema lori linawahi Kirando, atarudi Jumanne. Halafu akaongeza neno ambalo limenikaa kama mwiba wa dagaa: kwani umeandikiwa wewe peke yako kuota?

Tatizo ni kwamba Herieth anaweza. Ana miaka kumi na saba, na akisoma somo kanisani hata watoto wachanga hunyamaza. Yeye hatashuka Laela. Atafika. Atasimama katika jiji lile na kifurushi chake, akiuliza kila mtu Mtaa wa Mikoko. Na Mtaa wa Mikoko niliutunga mimi, huku nikifukuza inzi.

Sikula. Mimi angalau najua nilichokiogopa. Mtoto yule hajui aogope nini.

Jumamosi, 11 Machi

Mpango! Simu ya maandishi. Fupi, rasmi, haina sauti ya kutetemeka.

Nikaazima pama la Nyanda, kofia yake pana, nikalivuta hadi puani, nikaenda posta ya mjini nikijigonga kwenye nguzo. Dada aliyekuwa dirishani anaitwa Margareth, jina limeandikwa kifuani. Akauliza simu inakwenda wapi. Sumbawanga. Inatoka wapi? Sumbawanga. Akaweka kalamu chini. Akasema, kijana, ukisimama pale mlangoni ukapiga kelele watakusikia, tena watakujibu.

Nikamweleza kwamba mwenye ujumbe yuko mbali, mimi nimetumwa. Hapo sikusema uongo sana. Nikamtajia maneno: Herieth asije. Peke yake hatari. Adolfu.

Akaanza kuandika. Akauliza nukta aziweke wapi, maana kwenye simu nukta isiyoandikwa kama neno haiendi. Kabla sijajibu nikasikia nyuma yangu mtu akisalimia watu wote kwa zamu, akiwaeleza habari za mhuri. Mama Eustaki!

Nikasema hakuna nukta, tuma! Nikatoka kwa mlango uliokuwa karibu. Ulikuwa wa stoo. Nimekaa humo na magunia ya barua hadi walipokaribia kufunga.

Lakini kazi imekwisha. Herieth haendi popote. Usiku huu nitalala.

Jumanne, 14 Machi

Mwandiko wangu leo ni mbaya. Wasomaji wanisamehe. Wasomaji gani?

Shamsi amerudi. Nikamuuliza kwa kujiamini kama simu ilifika. Ilifika, akasema, na imesomwa mbele ya watu wote. Mama yako amelia. Amesema, oneni mwanangu alivyo na busara: Herieth asije peke yake, hatari! Kweli mtoto wa kike asafiri peke yake? Basi mama anakwenda naye.

Mama! Nukta moja!

Nikauliza kama hawakuona kwamba imeandikwa Sumbawanga juu. Shamsi akasema waliona, mama akawajibu kwamba lazima iandikwe Sumbawanga, si ndiko ilikofika?

Kuku wamegawiwa. Ufunguo wa nyumba amekabidhiwa Mama Eustaki. Shamba la maharage amepewa jirani alime msimu huu. Mama yangu hajawahi kuvuka Laela maishani mwake. Ana goti linalomsumbua, anaogopa hata ngazi za kanisa. Na huyo ndiye anayekwenda kukaa nyumba namba 14, chini ya umeme wangu.

Shamsi akaniambia niende nikaseme kweli. Ni mwendo mfupi. Nikavaa pama. Nikafika hadi kwenye mti wa mwisho kabla ya nyumba za kwanza. Nikasimama hapo mpaka jua likazama. Nikarudi.

Jumatano, 15 Machi

Usiku nimepata mpango ulio bora kuliko yote. Kulizuia basi! Basi likikwama leo, mama atasema ni ishara, atarudi nyumbani.

Alfajiri nikavaa pama na mgolole wa Nyanda, shuka lake la kuchungia, nikashika fimbo, nikawaswaga ng'ombe kumi na wawili hadi barabarani nje ya mji, mahali basi linapopita. Nikawapanga mstari. Walipangika vizuri. Basi likaja, likapiga honi, ng'ombe wakatulia kama ukuta. Dereva akatoa kichwa, akanitukana kwa namna nisiyoweza kuandika katika Kwaresima. Ningenyamaza tu, nimeshinda. Lakini niliona nimjibu kwa heshima. Nikasema kwa sauti kamili: ndugu abiria, safari imeahirishwa!

Ng'ombe wote wakakimbilia bondeni.

Barabara ikawa nyeupe. Ndani ya basi sauti ya msichana ikasema: mama, huyo ni kaka.

Wakashuka. Mama mbele, goti lake likiwa limepona ghafla. Akanivua pama. Akatazama mgolole, akatazama miguu yangu pekupeku yenye udongo. Nilikuwa na nafasi. Naapa nilikuwa nayo. Nikafungua kinywa, na moyoni nikaiona ile taa nyekundu ikiwaka. Nikasikia kinywa changu kikisema: shikamoo mama, nimekuja kuwachukua.

Mama akapiga kigelegele. Akawageukia abiria madirishani, akasema, mnaona? Katoka Dar es Salaam kwa miguu yake kutuchukua! Abiria mmoja akauliza mbona amevaa hivyo. Nikasema nakusanya habari za wafugaji. Ni kazi.

Hapo Nyanda akatokea, akihema, akifuata ng'ombe wake. Nikajua nimekwisha. Akanitazama. Akamtazama mama akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akasema, mama, mwanao ni mtangazaji kweli, ng'ombe wangu wote wanaifahamu sauti yake. Kisha akanipa mkono, na kwa sikio langu tu akasema vile vilima vyangu atavisawazisha mwenyewe, niende salama. Akaenda zake bondeni, hata mgolole hakuudai.

Nikapandishwa basini. Nimekaa katikati ya mama na Herieth. Tulipopita Laela nilisema nataka kujisaidia. Mama akasema, mwanangu, jikaze, watu wa redio hawacheleweshi safari.

Alhamisi, 16 Machi

Mbeya, stendi, asubuhi. Baridi. Basi la Dar linaondoka saa tatu.

Mama alikwenda kununua chai. Herieth akasogea karibu, akazungumza akitazama magurudumu. Akasema, kaka, kuna udongo wetu kwenye kucha zako. Akasema kwamba ameuliza watu watatu wa Dar hapa stendi, na hakuna aliyewahi kusikia Mtaa wa Mikoko. Akasema hatacheka. Akasema kama hakuna nyumba nimwambie sasa, mama akiwa bado Mbeya, ambako kwa binamu yetu Yonas pana kitanda, na goti lake litapumzika. Yeye ataendelea peke yake atafute hivyo vituo, haogopi, ila anataka kujua kama anakwenda kwenye nyumba au anakwenda kwenye barua.

Nikamtazama. Alikuwa ameikunja tiketi yake mara nane. Kumbe naye anaogopa! Anaogopa kama mimi, na bado ameishika.

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno.

Nyumba ipo, nikasema. Ina veranda mbili.

Mama akarudi na chai, pamoja na mzee mwenye kofia. Mzee Abdala mwenyewe! Anakwenda Kariakoo kuleta bidhaa. Mama amekwisha kumweleza kila kitu, naye amesema miaka thelathini anaijua Dar, hakuna kichochoro kinachomshinda, atatufikisha mpaka mlangoni namba 14. Herieth akanigeukia. Mimi nikatazama chai.

Sasa tumo basini. Mama amelala begani mwangu. Jasho linanitoka na ni baridi. Lakini nimetulia, kwa sababu nimefikiri. Mzee Abdala amepita miaka sabini, na watu wa umri ule husahau. Tukifika Iringa nitamweleza kwamba mtaa umebadilishwa jina. Tukifika Morogoro nitamweleza kwamba nyumba inapakwa rangi, na rangi ni sumu kwa wenye magoti. Hapo atapendekeza mwenyewe tulale kule anakofikia yeye.

Nashangaa sikuufikiria mpango huu tangu mwanzo.