Mchoro wa Jangwani na Corolla ya Dedan

Kathure, jirani yake Dedan pale DeSoto, anadai alimwona Dedan akishuka basi na mchoro kwapani, anatabasamu kama bwana harusi. Mtu mzima kushuka basi Texas, ambako kila mtu ana gari, ni jambo la kuulizwa, naye akauliza.

"Gari nimeigeuza kuwa nyumba," Dedan akamjibu. "Subiri tu."

Mambo yalianzia Houston, mtaa wa Alief, kwa Généreuse, au Mama Shalom, Mkongo anayetunza wazee. Dedan alikuwa amealikwa kula karamu ya ubatizo. Wenzake wakitazama mbuzi, yeye akatazama ukutani: mchoro wa madoadoa. Akaugeuza. Nyuma kulibandikwa picha ya bibi mweusi, amekaa mchangani, brashi mkononi. Dedan aliwahi kulinda mlango wa duka la sanaa Dallas. Alijua wachoraji wa jangwa la Australia hupigwa picha na kazi yao, iwe ushahidi, na kwamba kazi hizo huuzwa bei ya nyumba. Uso akauacha umelala.

"Mama Shalom, hii kitu ya watoto unaiwekea nini?"

"Aliniachia mzee niliyemtunza. Alimjua bibi mwenyewe. Bibi alichora amekaa chini, anauzunguka mchoro pande zote. Hayo madoa ni visima vya bibi zake, vya kwao tu. Vya wengine hakugusa."

"Pole yake. Na wewe gari imekufa. Job unafika aje?"

"Naomba lifti. Wamesema nikichelewa tena, nibaki nyumbani."

"Mimi nina roho ya huruma. Chukua Corolla yangu, nipe hiyo ya ukutani."

Généreuse akamtazama kama anavyomtazama mzee anayeapa kwamba ameshameza dawa.

"Rudi baada ya wiki mbili, kaka Dedan. Utachukua itakayokuwa ukutani, vile ilivyo."

Dedan akarudi, akasaini karatasi za gari, akageuza mchoro haraka: mwanamke mweusi, amekaa chini, brashi mkononi. Madoa ni madoa. Akatosheka, akapanda basi.

Kesho yake, mwenye duka la sanaa alivaa miwani akaiangalia ile picha kwa upole wa daktari.

"Huko jangwani," akauliza, "wanachora mbele ya mashine ya kufulia?"

Chini ya picha paliandikwa kwa kalamu: *Généreuse, Alief. Mabomba ya maji ya kambi yetu ya wakimbizi, Nyarugusu. Nimechora mwenyewe.*

Dedan alikaa kwenye ngazi za duka, akatuma ujumbe: "Mama Shalom, naomba gari, hata Jumapili moja tu, nifike kanisani."

Simu ililia ndani ya mkoba, kiti cha nyuma cha Corolla. Généreuse alikuwa anaendesha kwenda kazini, na anayeendesha hasomi ujumbe. Alifika mapema, akausoma, akabakiwa na dakika kumi. Akazitumia kusogeza kiti mbele, maana Dedan ana miguu mirefu.