Mgeni Rasmi Mwenye Soksi

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, na wa kumlaumu simwoni.

Niwaeleze humu kundini kwa utaratibu, maana najua video itawafikia kabla ya maelezo.

Binti yangu Neema anaolewa. Tulikubaliana na wakwe zetu wa Nanyala tufanye sherehe moja ya pande zote mbili. Ubishi ukabaki wa mahali. Wao wanataka kwao, chini ya maturubai. Neema anataka ukumbi mpya wa mikutano hapa Tunduma, mtaa wa Chapwa, na ameulilia kwa machozi kabisa. Baba Elia, baba wa bwana harusi, akatoa kauli: "Tunduma ni malori na vumbi. Lakini nionyeshe huo ukumbi, mkwe. Ukinipendeza, basi." Siku ikapangwa. Leo.

Mimi ni mtu wa kujiandaa. Shule niliishia la saba, yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe. Wiki nzima nimekuwa nikipita pale ukumbini (mtu yeyote anaruhusiwa kuingia kutazama, mradi hakuna shughuli), nikimhoji mlinzi mpaka akaanza kunikwepa. Nikajua jenereta iko wapi, jiko liko wapi, na kwa nini kuta zimevishwa mbao zenye matundu. Nikajua hata kwamba kiwanja kile zamani kilikuwa maegesho ya malori. (Hilo nilipanga kutolisema.)

Asubuhi nikavaa suti nyeusi. Mvua ilikuwa imenyesha. Kufika mlangoni nikaliona lile zulia la ndani, nikavua viatu.

"Mzee, ingia navyo tu," mlinzi akasema.

"Tope lote hili la Chapwa, kwenye zulia hili? Hapana."

Wakwe walifuta vyao mlangoni, wakaingia navyo. Mama Elia akanitazama miguu. "Mkwe, ndiyo umehamia?"

Ndani niling'ara. Nikaonyesha jukwaa. Nikaeleza kwamba zile mbao humeza sauti, hata lori lipige honi nje, mtu ndani hasikii. Nikagusia historia: "Hapa palikuwa kiwanja cha wazi." (Si uongo.) Baba Elia anatikisa kichwa kukubali. Moyoni nikasema, Neema, umepata ukumbi.

Ningenyamaza hapo, leo ningelala vizuri.

"Na moto ukitokea?" Mama Elia akauliza.

Swali nililolisubiri! Nikawapeleka kwenye mlango wa dharura, nyuma ya jukwaa. "Unasukuma tu hivi, uko nje." Nikasukuma. Nikatoka. Nikageuka niwatabasamie.

Mlango ukajifunga.

Kwa nje hauna kitasa. (Wiki nzima ya utafiti, na sikuwahi kuutazama kwa nje!) Nikagonga. Nikaita. Mbao zikameza kila kitu, sawasawa na nilivyozisifia. Baadaye Mama Elia aliniambia walidhani bado naonyesha, wakanisubiri kwa heshima.

Uani ni tope tupu. Nikaanza kuzunguka jengo kwa soksi, suruali nimeipandisha kwa mikono pande zote mbili kama mtu anayevuka mto.

Sasa. Mchana kulikuwa na mkutano wa wafanyabiashara wa pande mbili za mpaka. Sisi tukiwa ndani, huku mbele ya ukumbi wamejipanga kina mama wa ngoma, zulia jekundu limetandikwa, shada la maua liko tayari. Wanamsubiri mgeni rasmi. Na mgeni rasmi, mnajua mambo yetu, alipata udhuru, akatuma wa kumwakilisha, na huyo naye akatuma mwingine. Sura yake hakuna aliyeijua. Walichojua ni kwamba amechelewa.

Nikatokeza kwenye kona. Suti nyeusi. Natembea haraka kama mtu aliyechelewa.

"Huyo! Huyo!"

Vigelegele. Ngoma. Mama mmoja kutoka upande wa Zambia akanivisha shada. "Mwaiseni, mukwai! Karibu sana!" Nikafungua mdomo nieleze. Mshereheshaji akaniwahi kwa kipaza sauti: "Ona unyenyekevu wa kiongozi! Amekuja kwa miguu!"

(Hapa naomba mnielewe.) Ngoma ikipigwa mbele yako, huwezi kusimama kama nguzo ya umeme. Ni kukosa adabu. Nikatikisa mabega. Kidogo. Video inasema si kidogo.

Nimefika katikati ya zulia jekundu, nyuma yangu nyayo za tope zimenifuata, mlango mkubwa ukafunguliwa. Mama Elia. Ameshika viatu vyangu, ameviinua juu.

"Mkwe! Viatu vyako hivi hapa! Sisi tunakusubiri kule mlangoni, kumbe mwenzetu uko huku unacheza!"

Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mshereheshaji akashusha macho taratibu mpaka kwenye soksi. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimechungulia nje, kinamtazama.

"Mheshimiwa," akauliza, bado kwenye kipaza sauti, "kwani wewe ni nani?"

"Baba wa bibi harusi," nikajibu. Ndilo lililonijia.

Hapo hapo gari likasimama, akashuka mama mmoja mwembamba na faili lake. Shada likavuliwa shingoni mwangu, likakung'utwa, akavishwa yeye. Alipokuwa akinipita akaninong'oneza, "Pole, baba."

Nikavaa viatu. Nikajua Neema amekosa ukumbi, na aliyeukosesha ni mimi. Nikamtafuta Baba Elia, mtu ambaye tangu siku ya posa sijawahi kumwona meno. Ameketi kwenye ngazi, ameshika mbavu, machozi yanamtoka.

"Mkwe," akasema alipopata pumzi, "kule Nanyala kitu kama hiki nitakitoa wapi? Tunafanyia hapa hapa."

Wametoa sharti. Siku ya sherehe nisimwonyeshe mtu mlango wowote, na niingie ukumbini nimeshikwa mkono na mke wangu. Mke wangu ameshakubali kwa niaba yangu.

Basi, binti amepata ukumbi. Mnaocheka, chekeni taratibu. Bado nimo humu kwenye kundi, nawaona.