Kamati Yafeli kwa Niaba ya Watoto

Itangazwe kwa wote wenye masikio, pamoja na wale wanaovaa miwani ili wasikie vizuri: hisabati imepatiwa kamati. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa shule aliyepaswa kuwa na wasiwasi tena juu ya kujumlisha. Wasiwasi wote ulihamishiwa ofisini kwa Mkurugenzi, ghorofa ya pili, mlango ule unaofunguliwa kwa bega.

Jina lake kamili lilikuwa Kamati Shirikishi ya Kutafuta, Kutambua na Kupokea Fedha za Kuendeleza Hisabati Shuleni. Kutafuta kulikuwa na kamati yake ndogo. Kutambua, hali kadhalika. Kwenye kupokea walijiandikisha wote.

Miongoni mwa wajumbe alikuwemo Bibi Miwani. Aliitwa hivyo kwa ajili ya miwani ya marehemu mumewe, yenye kioo kimoja, ambayo haikumsaidia kuona lakini ilimsaidia sana kuonekana. Elimu yake iliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe alilimaliza kwa shingo: mwenzake wa dawatini alikuwa na akili ya hesabu, na Bibi alikuwa na shingo ndefu. Mungu hamnyimi mja wake vyote.

Msidhani aliteuliwa kwa kujuana. Alikwenda pale asubuhi moja kuomba msaada, tena wa haki. Binti yake, mwalimu wa hesabu, alikuwa akiwafundisha alasiri watoto waliokwisha kukatiwa tamaa, kwenye stoo ya shule, kwa vizibo vya soda na vipande vya chaki. Paa la stoo lilivuja. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi: fedha zisipopatikana kabla ya shule kufungwa, stoo inarudi kuwa stoo, na watoto wanarudi kubahatisha. Basi Bibi akajifunga kibwebwe, akapanda ngazi. Karani akamwonyesha kiti, asubiri.

Kiti kilikuwa ndani ya chumba cha kikao, na kikao kilikuwa kimepungukiwa mtu mmoja ili kiwe halali. Kabla Bibi hajafungua mdomo, Mkurugenzi alishamhesabu na kumwita mwakilishi wa wazazi. Adhuhuri akaletewa soda ya baridi, biskuti na bahasha ya posho. Akatia dole gumba, ingawa kuandika anajua, maana kalamu ingemchelewesha.

Alikumbuka alichoendea alipokuwa anavua viatu nyumbani.

"Mama, umewaambia?" binti yake akauliza.

"Nimewaambia nini?"

"Mama! Habari ya stoo!"

"Ahaa. Mwanangu, punguza haraka. Suala lako liko mikononi mwa kamati."

"Na kamati ni akina nani?"

Bibi akafungua pochi, akatoa biskuti mbili, akampa moja. "Watu wenye huruma sana," akasema.

Muhula ukaenda hivyo. Kamati ilikutana kupanga siku ya kukutana. Ilifanya semina ya kutwa nzima kuamua kama hisabati ni somo au ni changamoto, na kwa kauli moja ikaamua kwamba ni fursa. Kila mara Bibi alipanda ngazi akiwa ameazimia kusema, na kila mara soda ilifika kabla ya zamu yake. Si vizuri kuzungumza na kinywaji mdomoni.

Kisha mvua zikaanza. Binti alirudi jioni moja amelowa, akaanika madaftari ya watoto kwenye kamba ya nguo jikoni.

"Leo wamekuja wachache," akasema. "Wengine wanadai stoo inanyesha kuliko nje. Mwalimu mkuu ameshaanza kuniuliza vizibo vyangu nitavipeleka wapi."

Bibi akasikia maumivu kifuani. Kwanza alidhani ni biskuti. Alipomeza na maumivu yakabaki palepale, akajua ni jambo zito zaidi.

Kwa bahati, wiki hiyo ndipo Mfuko ulipokuja. Mfuko ulikuwa na fedha za kusaidia hisabati, na ulimtuma mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kutembelea. Alikataa kiti kilichosogezwa karibu na Mkurugenzi, kisha akakataa soda. Kamati ikatazamana. Mtu asiyekunywa soda ya bure ana lake jambo.

"Masharti yetu ni mawili," Dada wa Mfuko akasema. "Tunapima madarasa ya nne kwa mtihani mmoja. Darasa litakaloshika mkia ndilo tutakalolilipia chumba, vitabu na mwalimu, mpaka siku wote waliomo watakapofaulu. La pili, fedha zetu zinamfuata aliyefanya mtihani. Hazipiti kwa mtu wa katikati. Asanteni."

Alipoondoka, Mkurugenzi akaufunga mlango kwa bega.

"Ndugu wajumbe, tunahitaji darasa la kushika mkia bila mashaka. Nani analo?"

Bibi akaona sasa Mungu amemfungulia. Akanyoosha mkono. "Lipo, Mheshimiwa. Lipo stooni kwa binti yangu. Wale watoto walikuwa hawajui hata..."

"Walikuwa?" Mhasibu akadakia.

"Siku hizi wanagawanya."

Chumba kikapoa.

"Wanagawanya na kubakisha?" Mkurugenzi akauliza polepole.

"Na kubakisha."

Mkurugenzi akavua koti, akaliweka juu ya kiti kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Basi hawafai. Pole sana, mama yangu. Binti yako ametuharibia uhitaji."

"Si tuwaambie tu wakosee?" Mhasibu akapendekeza.

"Mtoto wa siku hizi? Umwambie akosee, yeye apatie kwa ukaidi? Hapana. Kufeli ni suala nyeti, ndugu zangu. Haliwezi kuachiwa watoto." Akasimama, akaegemea meza kwa ngumi mbili. "Tena mmemsikia yule dada. Fedha zinamfuata aliyefanya mtihani. Sasa kwa nini mtihani ufanywe na mtu asiyezoea kufuatwa na fedha?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa heshima, kama watu wanaoona akili ikifanya kazi mbele yao. Ikaamuliwa kwamba Kamati itafeli kwa niaba ya watoto, chini ya jina la Darasa la Mfano. Posho ya kufeli ikapitishwa bila kupingwa.

"Na stoo ya binti yangu?" Bibi akauliza.

"Itakuwa ya kwanza kabisa. Baada ya gari."

"Gari la nini?"

"La kwenda kuikagua stoo, mama."

Lilikuwa jibu lenye mantiki, na bahasha ilikuwa inazunguka. Bibi akatia dole.

Siku ya mtihani walijipanga kwenye chumba cha kikao, kila mtu na kalamu mpya. Dada wa Mfuko akaingia na karatasi zake. Akawatazama wale wanafunzi: vitambi, tai, mvi, miwani ya kioo kimoja.

"Hili ndilo Darasa la Mfano?"

"Ndilo," Mkurugenzi akajibu.

"Darasa la nne?"

"Kwa kiwango, ndiyo. La nne."

Dada akaandika kitu, akagawa karatasi, akaenda kusimama dirishani.

Palipoandikwa jina la mwanafunzi kila mmoja alijaza na cheo chake, kwa kuwa hakuna kati yao aliyekumbuka kuwa jina huweza kutembea peke yake. Wakaanza kufeli. Hapo ndipo Mhasibu alipokwama.

"Mkuu," akanong'ona, "hapa kuna muuza machungwa. Kanunua machungwa, mengine yameoza, yaliyobaki wanagawana watu sita. Kila mtu anapata mangapi?"

"Andika uongo."

"Uongo upi? Ili nilikwepe jibu, si lazima kwanza nilijue? Mimi silijui. Nikiandika la uongo halafu likawa ndilo?"

"Wewe andika la kwanza linalokujia kichwani. Kwa kumbukumbu za idara yetu, hilo halina hatari."

Bibi Miwani hakupata shida hiyo. Mazoea yana taabu: karatasi ilipotua tu mbele yake, shingo ikaondoka yenyewe kuelekea kushoto, alikokaa Mkurugenzi. Akanakili kila kitu, hadi mahali Mheshimiwa alipofuta akajutia kufuta. Katika mtihani wa kufeli, Bibi alikuwa mtu pekee aliyeibia.

Matokeo yalitangazwa uwanjani, chini ya turubai, kwa vipaza sauti na Waziri mwenyewe mezani. Mkurugenzi alikuwa ameshona suti. Binti alikuja na watoto wake wa stooni, wakasimama nyuma, juani.

"Tumepima madarasa mengi," Dada wa Mfuko akasema, bila kutabasamu na bila kununa. "Uhitaji mkubwa kama huu hatujapata kuuona. Darasa la Mfano limeshika mkia kwa mbali."

Makofi. Mhasibu peke yake hakupiga kwa nguvu: alikuwa amepatia swali la machungwa, na barua ya onyo ilishamfikia.

"Nawasoma wanafunzi. Mkurugenzi, sifuri. Naibu wake, alama mbili. Mwakilishi wa wazazi, sifuri, inayofanana na ya Mkurugenzi hadi kwenye kufuta." Akafunga faili. "Kwa masharti yetu, fedha zinawafuata wao. Watajengewa chumba, watapewa vitabu, na watafundishwa kila alasiri mpaka wote wafaulu. Hongereni."

Mkurugenzi, aliyekuwa ameshafika nusu ya ngazi za jukwaa kupokea, akasimama na mguu mmoja hewani.

"Nadhani Dada amesahau," akasema kwa upole. "Sisi tulifanya kwa niaba."

"Kwa niaba ya nani?"

Likawa swali gumu kuliko la machungwa. Kusema kwa niaba ya watoto, ni kusema mtihani ulikuwa wa kuchonga. Kunyamaza, ni kuwa mwanafunzi. Mkurugenzi akamtazama Waziri. Waziri, mtu mwepesi wa kusoma upepo, alishanyanyuka na kipaza sauti.

"Hawa ndio viongozi tunaowataka! Wanaojishusha! Wanaoanzia chini! Naagiza waanze Jumatatu."

"Na posho ya kuhudhuria?" Mhasibu akauliza kwa sauti ya kufa.

"Mwanafunzi hapewi posho," Dada akamjibu. "Hupewa daftari."

Mfuko ukatafuta mwalimu mwenye uzoefu na wanafunzi waliokatiwa tamaa. Hakukuwa na wengi wa kuchagua. Binti alikubali kwa sharti moja, kwamba darasa liwe stooni kwake na watoto wake wakae humohumo, ili wakubwa wapate mtu wa kumuuliza. Dada wa Mfuko akasema sawa, chumba ni chumba. Basi stoo ikaezekwa upya, madawati yakaja, ubao ukawa mweusi kweli. Vizibo vya soda vikawekewa kopo lake.

Kuanzia hapo, ukipita pale alasiri ungemwona Mkurugenzi kwenye dawati la chini, magoti yakiwa jirani na masikio.

"Babu," msichana wa dawati la mbele akamgeukia siku moja, "hapa umekopa kumi kwa jirani. Mbona hujaandika popote?"

"Hajawahi kuandika," Mhasibu akasema.

Kicheko kilikwenda hadi dirishani. Bibi naye alicheka mpaka miwani ikaanguka, na hakuna kilichovunjika, kwa kuwa kioo kilichobaki kilikuwa upande wa juu.

Ilikuwa inampendeza sana ile stoo. Aligundua kwamba vizibo, ukivipanga safu kwa safu, vinasema ukweli. Aligundua kwamba shingo humpa mtu jibu lakini haimpi raha yake. Usiku mmoja alipokuwa anasonga nywele za binti yake, binti akamkazia macho kwenye kioo cha ukutani.

"Mama, jana nilikuuliza saba mara nane mbele ya darasa, ukang'aa macho. Na asubuhi nimekusikia ukiiimba jikoni."

"Jikoni naijua. Darasani nina majukumu."

"Majukumu gani?"

"Hebu nikumbushe, fedha za Mfuko zinakwisha lini?"

"Siku wote watakapofaulu."

"Wote?"

"Wote, hata wewe, Mama..." Binti akageuza kichwa ghafla.

"Mhasibu alisema neno la maana siku ile, watu wakamcheka," Bibi akasema, akivuta msuko. "Ili ulikwepe jibu, lazima kwanza ulijue. Tulia, utaniharibia mstari."

Mwisho wa muhula Dada wa Mfuko akaja na karatasi zake, akasimama dirishani. Mhasibu alimaliza mapema, akajikunjia mikono kama bwana harusi. Watoto walikuwa wamemaliza hata kabla yake. Mkurugenzi hakuwa ameandika kitu. Alikuwa ameichoka stoo, anautamani mlango wake wa kusukuma kwa bega, na kwa siku nyingi alikuwa amemchunguza yule mama wa dawati la kulia: anapanga vizibo bila kutikisa midomo. Huyo anajua, alijisemea. Huyo ndiye wa kunitoa humu.

Bibi Miwani akafika kwenye saba mara nane. Akaweka kiganja juu ya karatasi, akakumbuka jibu vizuri, akalitazama usoni, akalisalimu. Kisha akaandika hamsini na saba, kwa mwandiko mkubwa, safi. Akasogeza kiganja kidogo tu, kwa adabu.

Upande wa kushoto shingo ikanyooka. Mheshimiwa Mkurugenzi akaandika hamsini na saba, akapiga mstari chini yake kwa rula.