Sketi ya Bibi Buapan na Kabati la Kioo

Jumatatu, 3 Februari
Makumbusho ya kijiji yanafunguliwa Jumapili, pale uani mwa hekalu. Kabati la kioo ni moja tu, karibu na mlango. Mwalimu Thawin, msimamizi wetu, amempa nani? Jirani yangu Chansom! Sketi aliyofuma bibi yake imelala humo kama malkia, na kadi ya jina juu. Sketi ya bibi yangu Buapan, aliyenilea kwa kufuma mpaka macho yakafifia, imepelekwa chumba cha nyuma, kwenye ufito, kando ya vyungu vya kupikia wali. Nani atafika huko? Mwanangu Kop anaota meno. Nimelala masaa mawili. Wivu? Sina wivu. Nataka haki tu.

Jumatano, 5
Nimemwambia Mwalimu sketi yetu ina miaka mia na hamsini. Akavua miwani, akapiga hesabu. Akaniuliza, Mama Kop, kwani bibi yako aliifuma miaka sitini kabla hajazaliwa? Nikamjibu alikuwa na bidii sana. Hajahamisha kitu.

Ijumaa, 7
Chakula humlainisha mtu. Nimempelekea Mwalimu wali wa kunata na samaki wa kuchoma. Amekula, amebakiza miiba. Kisha akakigeuza kikapu, akasema nimfikishie Chansom shukrani zake. Kikapu ni cha Chansom! Nilikiazima mwaka juzi, jina lake liko chini kwa wino. Samaki wangu, sifa zake!

Jumapili, 9
Asubuhi wote walikwenda getini kuwapokea watawa wa Kibudha wanaokuja kubariki ufunguzi. Nikabaki nafagia, Kop mgongoni. Nikaona: juu ya mlango wa mbele kuna boriti tupu! Nikapanda benchi, nikaitundika sketi ya bibi pale, mawimbi yake mekundu yakaning'inia yote. Mgeni angeiona kabla ya kabati la mtu yeyote. Kop akalia. Nikambusu unyayo, nikamwambia nyamaza, mama yuko kazini.

Mkuu wa watawa akafika mbele, wanane nyuma yake. Akafika ngazini. Akasimama. Akatazama juu.

Hapo akili ikanirudia. Sketi ya mwanamke! Juu ya kichwa cha mtawa! Kwetu hata mwanaume wa kawaida ni mwiko kupita chini yake! Mimi huyu, ninayemfokea mume wangu akikatiza chini ya kamba yangu ya nguo! Chansom akapaza sauti: hee, Mama Kop, leo watawa nao tuwavike sketi? Watu wakaangua kicheko. Mkuu wa watawa akajiziba uso kwa upepeo, mabega yakimtikisika.

Wakazunguka, wakaingilia mlango wa nyuma. Ndiyo, chumba cha nyuma! Sala zikasomwa humo. Picha zikapigwa humo. Wageni wote wakajazana mbele ya ufito mtupu na kadi yake: kazi ya Bibi Buapan. Mkuu wa watawa akaisoma, akaitafuta kazi yenyewe kwa macho, akaondoka. Nimelia kidogo nyuma ya vyungu. Bibi asingenigombeza. Angeikunja tu, bila neno, na hiyo ndiyo ingeniuma.

Jumatatu, 10
Chansom amekuja na sketi ya bibi, aliyoiteremsha jana mlangoni, ameipiga pasi mwenyewe. Akasema, mdogo wangu, kabati ni pana, zilale zote mbili humo, si bibi zetu hao walikuwa wakifuma kwenye baraza moja? Kumbe ana roho nzuri. Nimemshukuru mpaka nikaona haya. Nimeapa, mkono juu ya kichwa cha Kop, sitamwonea tena wivu maisha yangu yote.

Tumezilaza bega kwa bega. Zimependeza, bibi angefurahi. Chansom akaenda zake sokoni.

Halafu nikatazama vizuri. Kadi yake ina mistari mitatu. Yangu miwili. Mitatu!

Nimekaa sakafuni, Kop ananyonya, nimeandika kadi mpya. Mistari kumi na tisa, maandishi makubwa, hata mzee asiye na miwani atasoma. Nimeiweka kabatini. Sketi ya bibi yangu sikutaka kuiziba, kwa hiyo kadi nimeilaza upande wa Chansom. Sketi yake bado inaonekana. Pindo lote.