Ndugu wa Kupeleka kwa Daktari wa Moyo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Daktari wa zahanati ameweka kile chombo chake kifuani mwangu, akakunja uso. Eti vali ya moyo inavuja! Ameniandikia majina ya mabingwa watatu wa moyo. Nichague mmoja wiki hii hii, nisicheze. Mimi Oyugi nicheze? Niliyefungua vali za injini za boti kutoka Luanda Kotieno hadi Jinja? Nitawasaili mmoja mmoja, kama vibarua.

Jumanne, 4 Machi
Bingwa wa kwanza. Nimemuuliza vali ikivuja yeye anabadilisha au anaisaga ikae sawa, kama ya injini. Akaniuliza nimekuja na nani. Nikasema na miguu yangu miwili. Hakucheka. Hafai.

Jumatano, 5 Machi
Bingwa wa pili, Daktari Kageha. Mama mfupi, mikono mikubwa. Huyu ni fundi! Amenichorea vali yangu kwenye karatasi, na nimemrekebisha mara moja tu. Kazi nimempa. Lakini anataka nirudi Ijumaa na mtu wangu: asikie maelezo, akae nami wodini nikishapasuliwa. Mtu wangu! Adero, mke wangu, alirudi kwao Pap Onditi, huu mwaka wa sita. Nyumba nzima ni mimi na redio. Nikamwambia daktari nina ndugu wengi mno, shida ni kuchagua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwendea Walubengo, fundi mwenzangu, mwizi wa wateja wangu. Awe ndugu yangu siku moja. Akauliza mbona asije tu kama rafiki. Rafiki! Nikamjibu sijaishiwa kiasi hicho. Amekubali, sharti nitamke mbele ya mafundi wote kwamba kwa injini za dizeli ananishinda. Nimetamka. Kwa sauti ya chini.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Daktari kamuuliza Walubengo jina la mama yetu. Akajibu, "Mama." Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Eti rafiki anatosha kabisa. Nilazwe Alhamisi ijayo. Walubengo akasema atalala kwenye kiti cha wodini, hata wiki mbili, yeye amezoea kulala botini. Ikabidi niinamie kamba za viatu kwa muda. Vali hiyo. Halafu kwenye ngazi akanishika mkono, watu wakiona. "Pole pole, mzee." Mzee! Nimemfukuza, na nikamwambia dizeli hajui.

Jumapili, 9 Machi
Walubengo ameleta supu ya samaki, mbuta. Amebisha, ameita, "Oyugi, omera, ndugu yangu! Fungua basi!" Nimezima redio, nikatulia kama sipo. Ameiacha mlangoni. Nimeinywa yote. Chumvi imezidi. Kimya kingi leo humu ndani. Kwa Daktari Kageha sirudi, ameshajua ndugu yangu si ndugu. Kesho ni bingwa wa tatu. Natafuta ndugu mwingine. Mrefu kidogo, afanane na mimi.