Aliyeanguka kwa Niaba Yetu

Magari ya umeme yalipofika mtaa wetu hapa Groningen, Uholanzi, watu walianza kuyachaji kwa waya uliotoka dirishani, ukakatiza njia ya waenda kwa miguu, ukaishia garini. Wengine waliona waya tu. Wubbo Hoekema aliona riziki.

Alikuwa na kipaji kimoja, cha kuanguka. Alianguka kwa adabu, kofia huku na miwani kule, kisha akachechemea hadi mlangoni kwa mwenye waya.

"Sitaki kukupeleka mahakamani, kaka," alimwambia Sander, mwenye gari jeupe. "Nipe tu hela ya daktari."

"Umeumia wapi?"

"Pale ambapo hakimu atapaona ghali."

Sander alilipa. Majirani zake nao wakalipa, kila mmoja akidhani ni peke yake.

Siku moja Wubbo alianguka karibu na mlango wa Bibi Aleida, ambaye haoni. Bibi alitoka na fimbo yake nyeupe, akamwingiza ndani, akampa supu ya njegere na kumwekea mto chini ya mguu. Wubbo, ambaye hajawahi kupewa kitu bila kukidai, alikula hadi akasahau kuguna.

"Waya hizo zimenifunga ndani, mwanangu," alisema Bibi. "Mkate naletewa. Nashukuru, lakini natamani kuufuata mwenyewe. Manispaa wanasema hakuna aliyeumia. Sasa wewe umeumia. Twende ukawaambie."

"Mimi si mtu wa kujionyesha, bibi."

"Basi. Nilidhani huenda wana fidia."

Kijiko kilisimama hewani.

Kule manispaa Wubbo alisimulia maumivu yake hadi karani akatafuta leso. Mafundi wakaja, wakachimba vijifereji vya kupitishia waya, wakavifunika vizuri. Fidia haikuwapo. Yalikuwapo maua, na picha yake gazetini: aliyeanguka kwa niaba yetu. Tangu hapo, kila mtaa aliokwenda, watu wema walimkimbilia na kumshika mikono yote miwili. Hakuna awezaye kuanguka hivyo.

Akaenda kumlalamikia Bibi. Alimkuta mlangoni na kikapu.

"Leo unachechemea mguu wa kulia," alisema Bibi.

"Maumivu, bibi."

"Siku ile ulikuwa wa kushoto. Na tulipokwenda manispaa ulitembea vizuri tu mpaka tulipofika kwenye ngazi."

Wubbo aliacha kuchechemea. "Kumbe ulijua."

"Sioni, lakini si kiziwi. Nipe mkono, twende tukanunue mkate."

Walipofika kwa Sander, Bibi alisimama.

"Huyu ndiye aliyekuwa akiniletea mkate, kila asubuhi, kabla ya kazi. Aliniambia alikulipa hela ya daktari. Gonga, umrudishie chake. Nakungoja hapa."

Wubbo alitazama njia, mbele na nyuma. Ilikuwa tambarare yote, hakuna hata pa kuangukia.