Jinsi Rugemalira wa Nyanga Alivyovuka Kizingiti cha Jiko

Njooni, enyi wana wa Hamugembe na Nyanga, nanyi wa Kagoma mliozoea kusimuliwa habari za watawala! Wekeni vikombe chini, zimeni simu, mpate kusikia vita alivyopigana Rugemalira, simba wa migomba, bwana wa mibuni, mwenye alama C ya Fizikia ya kidato cha nne ambayo hata misibani haachi kuitaja. Wengine walipigana kwa mikuki. Huyu alipigana kwa kugawanya na kuzidisha, na sehemu kubwa ya vita aliimaliza akiwa kwenye kochi.

Chanzo cha vita kilikuwa ahadi. Moshi wa kuni ulikuwa umemharibia kifua mkewe Kokugonza, na baba mzazi wa huyo mwanamke, Mzee Kahangwa wa Kagoma, alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba binti yake akiendelea kukohoa namna ile, atakuja kumchukua. Rugemalira akaapa kwamba mkewe hatapuliza kuni tena, akanunua jiko la presha la umeme. Jumapili ya vita hivyo mzee alikuwa amefika kujionea. Aliketi sebuleni akitafuna akamwani, ile kahawa ya kumkaribishia mgeni, huku jikoni ndizi zikisubiri moto. Lakini kila jiko lilipowaka, baada ya muda mfupi, tap! Umeme unakata.

"Umekata tena, Baba Audax!" Kokugonza alipaza sauti kutoka jikoni, akakohoa. "Niwashe kuni?"

Mzee Kahangwa aliacha kutafuna.

Ndipo shujaa wetu akasimama. Je, aliingia jikoni? Thubutu! Mwanamume wa ukoo wake haingii jikoni mkwe wake akitazama, hata kama nyumba inaungua. Alisimama mbele ya mlango kama jemadari juu ya kilima, akanguruma: "Ewe Kokugonza, binti Kahangwa! Nisomee maandishi yaliyo ubavuni mwa adui!"

"Adui gani? Jiko?"

"Jiko!"

"Volti mia mbili thelathini. Ampia tano. Wati zimefutika."

Ewe Fizikia, mama wa majivuno yetu, msaidie mwanao! Rugemalira aliangua kalenda ya parokia ukutani, akaigeuza, akaanza. Kwanza alizigawa ampia kwa volti, akapata namba inayoanza na sifuri. Jasho lilimtoka, akatambua kwamba ameipindua hesabu. Akajikusanya upya, akagawa volti kwa ampia.

"Ukinzani wake ni omu arobaini na sita!" akamtangazia mkwe wake kwa sauti ya msoma injili. Kisha akazidisha volti kwa ampia. "Na nguvu yake, waitu mheshimiwa, ni wati elfu moja mia moja na hamsini! Mzigo mdogo tu, jiko hili halina hatia!"

"Ndizi zimeiva?" aliuliza mzee.

"Bado, tata, baba yangu."

"Haya, endelea."

Ili kuziba aibu, jemadari aliamuru kama alivyokuwa akiamuru tangu asubuhi: "Mama Audax, mletee tata chai!" Kokugonza akarudisha umeme, jiko likawaka, akawasha na birika la umeme. Tap!

Basi birika nalo likaitwa kizimbani. Volti zilezile, ampia kumi. Kalamu ikakimbia juu ya kalenda: omu ishirini na tatu, wati elfu mbili na mia tatu. Nalo likaachiwa huru. Washtakiwa wote wawili wameshinda kesi, na ndizi ni mbichi vilevile.

"Nachukua kiberiti," alisema Kokugonza, na kikohozi kikamshika hata akashindwa kumaliza.

Kiberiti! Neno hilo lilimchoma Rugemalira. Alimpenda mwanamke yule, na kikohozi kile alikiogopa kuliko alivyomwogopa baba mkwe wake. Alikitazama kizingiti, kipande cha mbao ambacho hata kuku hukivuka bila kufikiri. Akainua mguu wa kulia, kandambili na yote, akavuka.

Ndani aliona jambo ambalo halionekani kutoka sebuleni. Jiko na birika vilikuwa vimechomekwa kwenye ekstensheni moja, na juu yake imeandikwa: mwisho ampia kumi na tatu. Tano na kumi! Hapakuhitajika kalenda. Adui alikuwa chai, na aliyekuwa akiiagiza ni yeye mwenyewe. Akaukamata waya wa birika, akauchomoa kwa kishindo. Kokugonza akabonyeza kitufe cha ekstensheni. Jiko likawaka, na safari hii halikuzimika.

"Tata!" Rugemalira alihutubia kutoka ndani. "Kila mmoja peke yake ni mpole! Wakiungana wanadai kumi na tano penye kumi na tatu! Nimewatenganisha!"

"Naona umesimama jikoni," alisema Mzee Kahangwa.

Rugemalira akakumbuka mguu wake ulipo.

"Basi kaa humohumo, mkwe wangu," mzee akaongeza, akarudi kwenye akamwani yake. "Mwanangu apumzishe kifua."

Kokugonza alikirudisha kiberiti rafuni, akamkabidhi mumewe kisu. "Nusu ya ndizi za ebitoke bado haijamenywa," alisema, akatoka kwenda kukaa na baba yake.

Andikeni, enyi waandishi wa tarehe! Andikeni kwamba birika lilishindwa Nyanga siku ya Jumapili, na kwamba mshindi, mwenye C ya Fizikia, alimenya ndizi hadi mkungu ukaisha.